Mahali katika Fasihi Simulizi: Giza la Kibanda cha Video, kutoka River Road hadi Kangemi

1. Utangulizi

Mwaka 1989, katika jarida la Mulika, M. M. Mulokozi alieleza kwamba fasihi simulizi si maneno matupu yanayopokezanwa kwa mdomo bali ni tukio, na kwamba tukio hilo hutawaliwa na mambo yanayoingiliana: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Maelezo hayo yamekuwa msingi wa mafunzo mengi ya fasihi simulizi katika Afrika Mashariki. Hata hivyo, mambo hayo hayakupata uangalizi ulio sawa. Fanani amechunguzwa, hadhira imechunguzwa, na fani imegawanywa katika tanzu na vipera hadi wanafunzi wakachoka kuvikariri. Mahali, kwa upande wake, hupewa sentensi moja: chini ya mti, uwanjani, au jikoni kando ya moto. Kisha mchambuzi huendelea na mengine, kana kwamba hadithi ingekuwa ile ile hata ingesimuliwa kwingine.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mahali si pambo la tukio wala si chombo tu cha kulihifadhi. Katika baadhi ya masimulizi mahali ndipo panapoamua nani aseme, aseme nini, na hata atumie viambishi gani vya wakati. Mfano utakaotumiwa ni kibanda cha video, yaani chumba kidogo chenye giza ambamo watu hulipa kiingilio kidogo watazame sinema ya kigeni huku sauti ya Mwafrika ikiwasimulia kwa Kiswahili. Uchunguzi unaanzia River Road, Nairobi, kwa kuwa mtaa huo umekuwa kitovu cha biashara ya kanda na sahani za muziki na sinema, kisha unafuata njia ya bidhaa hizo hadi vitongoji vya magharibi.

2. River Road na vyumba vyake

River Road iko upande wa mashariki wa katikati ya jiji, kati ya Mtaa wa Tom Mboya na Mto Nairobi. Wasomaji wa riwaya wanaijua kupitia Going Down River Road ya Meja Mwangi, iliyochapishwa mwaka 1976, ambayo ilizipa baa na vyumba vya kupanga vya huko nafasi katika fasihi ya Kenya. Lakini mtaa huo haukuwa wa vileo na malazi tu. Katika Barabara ya Latema, hatua chache kutoka River Road, kulikuwa na majumba ya sinema ya Odeon na Embassy. Majumba hayo yaliacha kuonyesha sinema zamani, ingawa jina la Odeon lingali midomoni mwa makanga na abiria kama jina la kituo cha matatu.

Sinema ilipoondoka katika majumba makubwa haikuuhama mtaa. Ilihamia ndani zaidi. Maduka ya zamani ya River Road na barabara jirani yaligawanywa kuwa vibanda vingi vidogo, kila kimoja kikitazama ujia mwembamba usiofikiwa na jua. Ghorofani kulikuwa na studio za kurekodia muziki. Kutokana na mazingira hayo ikazuka, kuanzia mwishoni mwa karne ya 20, kazi ya kutengeneza filamu za gharama ndogo katika Kigikuyu na lugha nyingine za Kenya, na watu wakaiita Riverwood. Wachekeshaji kama Machang'i na Kihenjo walijulikana kwa njia hiyo. Humo humo zikauzwa pia sinema za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani zilizokwisha kutiwa sauti ya msimulizi.

Bidhaa hizo zilisafiri. Mtu aliyenunua sahani River Road asubuhi aliweza kuionyesha Kangemi, Kawangware au Uthiru adhuhuri. Huko ilipokewa na kibanda: kuta za mabati au mbao, madirisha yaliyozibwa kwa gunia au karatasi nzito, mabenchi yaliyopangwa kuelekea upande mmoja, na mbele kabisa televisheni na deki. Mlangoni hutundikwa pazia. Aingiaye hutoka kwenye jua kali, huinua pazia, na kwa dakika moja haoni kitu ila mwanga mmoja mwishoni. Hupapasa kati ya magoti ya watu kama apitaye handakini, mpaka apate pa kukaa. Hatua hiyo ndogo ya kupofuka kwanza na kuona baadaye ndiyo mlango wa kweli wa sinema hiyo.

3. Neno kibanda

Lugha yenyewe imelitambua jambo hili. Katika Tanzania chumba cha namna hiyo huitwa kibanda umiza, jina la mzaha linalokiri msongamano, joto na ugumu wa mabenchi. Katika Uganda, ambako Kiswahili hakijaenea kama ilivyo Kenya na Tanzania, neno kibanda limeingia katika Kiganda cha mjini kwa maana ya chumba cha video, na wingi wake ni bibanda. Neno lililokuwa na maana ya kijumba dhaifu cha kujisitiri au cha kufanyia biashara limepata maana ya taasisi ya burudani katika nchi zaidi ya moja.

Inafaa kutambua kwamba jina hilo halitaji picha, wala mashine, wala hadithi. Linataja mahali. Mtu husema anakwenda kibandani hata kabla hajajua ni picha gani itakayoonyeshwa. Kwa hiyo katika fikra ya mtumiaji wa lugha, chumba kimetangulia na sinema imefuata. Wataalamu wa fasihi simulizi wamepanga mambo kinyume cha hivyo.

4. Usiku wa kutengenezwa

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki ngano zilisimuliwa usiku, na watoto walionywa wasitambe hadithi mchana. Sababu zilizotolewa zilitofautiana, lakini matokeo yake yalikuwa mamoja. Kazi za siku zilikuwa zimekwisha, na giza la nje liliwakusanya watu penye mwanga mmoja wa moto. Macho hayakuwa na kwingine kwa kwenda. Mwito wa paukwa na jibu la pakawa vilisikika katika mduara mdogo uliozungukwa na giza.

Mjini wakati huo haupatikani kwa urahisi. Mtu anayefanya kazi ya vibarua hapangi saa zake. Siku ambayo hakupata kazi ana mchana mtupu, na usiku humkuta safarini au amechoka. Kibanda humtengenezea usiku saa nane mchana. Gunia la dirishani lina kazi ya kiufundi, kwa kuwa kioo cha televisheni hakionekani vizuri penye jua. Lakini kazi hiyo inazaa nyingine. Giza linafuta tofauti za mavazi na kazi. Linawanyamazisha waliokuja na shughuli zao, na linarudisha mwanga mmoja ambao wote wanautazama. Katika istilahi za Mulokozi inaweza kusemwa kwamba hapa mahali panazalisha wakati. Mambo hayo mawili, ambayo vitabu huyaorodhesha kando kando, kumbe moja laweza kuwa zao la jingine.

Jambo hili halikosi kufanana na masimulizi ya kale ya ulimwengu. Plato, katika kitabu cha saba cha Jamhuri, alieleza habari za watu waliofungwa pangoni tangu utoto, wakitazama vivuli ukutani. Sehemu moja ya mfano huo husahauliwa. Watu waliobeba vitu nyuma ya wafungwa waliongea, mwangwi wa sauti zao ukarudi kutoka ukutani, na wafungwa wakadhani kwamba vivuli ndivyo vilivyosema. Kibandani mambo ni kinyume. Kila aliyemo anajua kwamba sauti si ya picha. Shujaa wa Kichina hawezi kuwa anazungumza Kiswahili cha Nairobi, na hakuna anayedanganyika. Furaha ya hadhira inatokana na kuusikia mwanya uliopo kati ya kivuli na sauti, na kuona jinsi fanani anavyouziba, au anavyokataa kuuziba ili watu wacheke.

5. Fanani wa kibandani

Sauti juu ya picha si jambo geni katika Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao yake Vugiri, Usambara, ulitengeneza filamu za mafunzo na kuzionyesha katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Maelezo yalitolewa katika lugha za wenyeji kwa sahani za santuri na kwa kipaza sauti. Hapo msemaji alikuwa mdomo wa mwenye filamu, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba somo la kilimo au afya limeeleweka kama lilivyokusudiwa.

Fanani wa kibandani hana bwana wa namna hiyo. Katika Tanzania jina linalotajwa kwanza ni la Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyesimulia mbele ya watazamaji na baadaye katika kanda zilizosambazwa. Katika Kenya sauti iliyoenea zaidi tangu miaka ya 2000 ni ya DJ Afro, ambaye husimulia sinema za Kihindi na za mapigano kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng. Katika Uganda wasimulizi wa Kiganda huitwa maVJ, na hadhira huchagua picha kwa jina la msimulizi kabla ya jina la mwigizaji. Japani nayo ilikuwa na wasimulizi wa sinema bubu, walioitwa benshi, ambao sifa zao zilishindana na za waigizaji mpaka sinema zenye sauti zilipowaondoa katika miaka ya 1930. Tofauti ni kwamba benshi alijaza kimya. Fanani wa Afrika Mashariki huikuta picha ina sauti yake, akaishusha, akaweka yake juu, na kuirudisha ile ya kwanza pale tu inapomfaa, kama penye mlio wa bunduki au wimbo.

Watu huiita kazi hii kutafsiri. Istilahi hiyo ina kasoro. Mtafsiri huulizwa kama amekuwa mwaminifu kwa matini ya asili. Fanani huyu huwapa wahusika majina mapya, hueleza nia ambazo hazikutajwa, huingiza methali, hulinganisha jumba la tajiri wa Bombay na mtaa unaojulikana na wasikilizaji, na huwakejeli wahusika wanapofanya upumbavu. Mtaalamu Matthias Krings, aliyewachunguza wasimulizi wa Tanzania, aliiita moja ya makala zake kwa mlinganisho wa wali unaogeuzwa kuwa pilau. Kwa hiyo jina sahihi zaidi ni kusimulia, na mtendaji wake ni fanani katika maana kamili ya neno hilo.

Hadhira nayo ina kanuni zake na msamiati wake. Mhusika mkuu huitwa stelingi, na mpinzani wake huitwa adui. Kutokana na hayo umezuka msemo unaojulikana na wengi, kwamba stelingi hafi. Msemo huo ni kanuni ya utanzu iliyotungwa na watazamaji wenyewe, nao umekwisha kutoka kibandani na kutumiwa barabarani kwa mtu aliyeponea chupuchupu.

6. Ushahidi wa lugha

Hoja kwamba mahali panaunda lugha ya masimulizi inahitaji ushahidi wa lugha yenyewe. Linganisha mifano miwili ifuatayo, iliyotungwa kwa ajili ya maelezo haya:

(a) Basi siku moja yule kijana akaondoka kwao, akaingia msituni, akakutana na zimwi.

(b) Huyu hapa anaingia. Hajui kwamba yule ameshika bunduki nyuma ya mlango. Ameshamwona! Sasa atamfanya nini?

Mfano (a) ni wa ngano. Kiambishi -ka- kinapanga matendo katika mfuatano, na fanani ndiye mwenye kuamua mwendo wake. Akitaka kunywa maji, zimwi litasubiri. Mfano (b) ni wa kibandani. Hapa mwendo umeshikwa na deki, nayo haimngoji mtu. Fanani hutumia -na- kwa tendo linaloonekana wakati ule ule, -mesha- kwa tendo lililomtangulia, na -ta- kwa lile analotaka hadhira ilitazamie. Ujuzi wake mkubwa ni kukimbizana na picha bila kuonekana anakimbia, na ndiyo sababu humlazimu kuitazama picha kabla hajaisimulia.

Viashiria vinaonyesha jambo kubwa zaidi. Katika (a) neno yule linarudi nyuma ndani ya maneno: ni kijana aliyekwisha kutajwa. Katika (b) neno hilo hilo linatoka nje ya maneno na kunyoosha kidole kwenye kioo. Sarufi hufundisha kwamba huyu ni wa karibu na yule ni wa mbali. Lakini kwa mtu aliyeketi benchini, picha zote za kiooni zina umbali mmoja. Kwa hiyo fanani akimwita stelingi huyu na adui yule, ukaribu anaoupima si wa hatua bali ni wa moyo. Anaiambia hadhira isimame upande gani.

Sasa mfano (b) uandikwe katika daftari na usomwe darasani. Msikilizaji atauliza: huyu nani, yule nani, mlango upi? Matini imevunjika, ingawa hakuna neno lililopotea. Kilichopotea ni chumba, yaani watu wote kuelekea upande mmoja na kuuona mwanga mmoja. Hii ni kusema kwamba mahali ni sehemu ya maana ya sentensi zile, na kwamba mkusanyaji anayerekodi sauti peke yake anarudi na nusu ya kazi.

7. Pingamizi mbili

Pingamizi ya kwanza ni kwamba picha hizi ni za kigeni, na kwa hiyo masimulizi yake hayawezi kuhesabiwa katika fasihi simulizi ya Kiafrika. Pingamizi hii ikikubaliwa itabidi vitu vingi viondolewe. Hadithi za Abunuwasi zilitoka ng'ambo. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa mwaka 1728, unasimulia vita kati ya Waislamu na dola ya Herekali, na kisa chake kina asili ya Kiarabu. Hakuna anayeutilia shaka Uswahili wa utendi huo, kwa kuwa uliundwa upya katika bahari, lugha na fikra za Waswahili. Kipimo hicho hicho kitumiwe kwa sinema.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Inasemwa kwamba sauti ikisharekodiwa fanani hayupo tena. Hadhira haiwezi kumjibu wala yeye hawezi kubadili neno, basi tukio limekufa. Ni kweli kwamba vibandani Nairobi sauti inayosikika mara nyingi ni ya sahani. Hata hivyo tukio halijafa, bali limehama. Watazamaji hujibizana na sauti isiyowasikia, na kisha hujibizana wao kwa wao. Aliyekwisha kuiona picha humtangulia fanani na kukemewa. Anayechelewa huelezwa na jirani yake yaliyopita. Fanani wa sahani ni mmoja kwa Kangemi na Kawangware, lakini hadhira si moja, na kwa hiyo tukio si moja. Kadiri fanani anavyokuwa mbali ndivyo chumba kinavyobeba uzito zaidi.

8. Chumba kinapofunguka

Uzito huo unadhihirika zaidi pale chumba kinapobadilika. Matatu nyingi za Nairobi zimetiwa vioo vya video. Nazo ni vyumba virefu vyembamba, abiria wakielekea upande mmoja. Lakini kila kituo mtu hushuka na mwingine hupanda, na hadithi ya saa mbili haiwezi kusimama juu ya hadhira inayomwagika hivyo. Kinachofaa humo ni wimbo wa dakika chache. Kioo kipo na giza la jioni lipo. Kilichokosekana ni kukaa pamoja mpaka mwisho.

Badiliko la pili ni simu. Sinema zilizosimuliwa zinapatikana sasa katika intaneti, na biashara ya sahani imedhoofika. Kijana wa Uthiru anaweza kumsikiliza fanani yule yule kwa vifaa vya masikioni akiwa peke yake kitandani. Sauti haikupungua, na huenda anaisikia vizuri kuliko alivyoisikia benchini. Lakini hakuna wa kumkemea, hakuna wa kumweleza yaliyopita, na huyu na yule wa fanani havimpangi tena pamoja na wenzake. Kila mtu amebaki na handaki lake.

Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka wao katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wakitaka fasihi ya Afrika, pamoja na ile ya mdomo, iwe kiini cha masomo. Tangu hapo wanafunzi wengi wametumwa vijijini na vinasa sauti ili kumtafuta bibi mwenye ngano. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima. Lakini kutoka lango la chuo hicho hadi River Road ni mwendo wa miguu, na kwa miaka mingi vijana wa vitongojini walikuwa wakiketi gizani wakisikiliza Kiswahili kikishindana na picha, bila idara kuwahesabu kuwa hadhira.

Kanda za zamani zinaharibika, na vibanda vinafungwa kimoja kimoja. Sahani zitakazosalia zitahifadhi sauti ya fanani. Hazitahifadhi kelele za benchi la nyuma. Anayetaka kuikusanya fasihi hii hana budi kuingia kibandani wakati kingali wazi, akiwa na daftari lenye sehemu mbili: moja ya yanayosemwa na sauti, na nyingine ya yanayosemwa na chumba.